Nguo ya Ukutani ya Mama Mkwe

Aliyelala katika nyumba ya mbao huku Masisi hahitaji kuelezwa habari ya upepo. Mbao hukatwa zingali mbichi, hupigiliwa misumari, na baada ya miezi michache hujikunja na kuachana hata kidole chapita katikati. Mchana nyufa hizo hazisumbui sana, maana zaleta mwanga. Usiku ni jambo lingine. Milima yetu yapita mita 2,000 mahali pengi, na ukungu ushukao jioni huingia bila kupiga hodi. Watu huziba kwa katoni, kwa magazeti yaliyobandikwa kwa uji, kwa vipande vya turubai. Zote ni dawa zifaazo, lakini chumba kilichozibwa kwa katoni huonekana kama ghala, na alalaye humo hujiona kama mzigo ungojao lori.

Jambo hili tulilifikiri kwa ajili ya mama mkwe. Yeye ni mtu wa Walikale, wa upande wa mto Lowa, nchi ya joto na ya misitu mikubwa, ambako watu huanika hata usingizi barazani. Vita vilipofika Walikale-kati mwezi wa Machi 2025, alikimbia pamoja na majirani wakakaa porini. Aliporudi alikuta nyumba yake haina hata mlango. Miezi ikapita, na hatimaye shemeji zetu wakampandisha kwetu, kidogo kwa pikipiki, kidogo kwa miguu. Mama wa watoto wetu alimtengenezea chumba cha nyuma, kilicho kidogo lakini kikavu.

Hakunung'unika hata mara moja. Alikula kidogo, akalala akijifunika mpaka kichwani. Siku moja tu alimwambia binti yake, “Kwenu ni kuzuri, ila kuta zenu zanitazama.” Tulipoangalia mbao kwa upande wa nje, tukaona alivyosema kweli: vifundo vya mti na nyufa, jua likipenya, ni macho matupu.

Kununua pazia zito au mablanketi ya kutundika ukutani hakukuwa katika uwezo wetu. Mshahara wa mwalimu mwaujua wenyewe, wapendwa wasomaji, na kalenda yake pia mwaijua. Tukaamua kutengeneza nguo ya ukutani kwa mikono yetu, kwa amerikani na udongo.

Wala mtu asidhani kuwa nguo iliyopakwa rangi ni kitu cha mzaha. Huko Ulaya ya zamani matajiri walitundika ukutani nguo nzito zilizofumwa kwa sufu na hariri, kazi ya miezi na miaka. Wasio na mali nyingi walinunua kitambaa kilichopakwa rangi kwa mkono, nacho kilikinga baridi na kufurahisha macho vilevile. Robert Arden, mkulima wa Uingereza, aliyemzaa mama yake Shakespeare, alipofariki mwaka 1556 vyombo vya nyumba yake viliandikwa katika orodha, na humo zilihesabiwa nguo 11 za namna hiyo. Mtu wa jembe na ng'ombe, kama majirani zetu wa Masisi! Na karibu nasi zaidi, katika msitu wa Ituri, wanaume wa Wambuti wamezoea kuponda maganda ya miti mpaka yakawa laini kama nguo, na wake zao huyachora kwa vidole na vijiti michoro ambayo leo yahifadhiwa katika majumba ya makumbusho ya ng'ambo.

Hapa pana neno la adabu. Kwa desturi tuliyolelewa nayo, mkwe mwanamume haingii chumba alalamo mama mkwe. Basi hata kipimo cha ukuta kilichukuliwa na binti yetu wa miaka kumi na miwili, kwa kamba aliyoipiga mafundo. Akatuletea kamba uani kama mpima mashamba. Tukaona kuwa mita sita za amerikani zatosha, zikikatwa vipande vitatu na kushonwa ubavu kwa ubavu.

Sasa habari ya kazi yenyewe. Amerikani mpya yatoka kiwandani na wanga, nayo haipokei rangi. Lazima ifuliwe kwa maji ya moto na sabuni, isuuzwe mara mbili, ikauke kabisa. Mwenye kukosa amerikani atumie gunia la pamba la unga, kama alipata. Wachoraji wa Lubumbashi, akina Tshibumba Kanda Matulu, walichora historia ya nchi juu ya magunia ya unga katika miaka ya 1970, wala hakuna aliyewacheka. Lakini magunia ya plastiki ya siku hizi hayanywi rangi, na mtu asipoteze jasho lake.

Rangi ya udongo peke yake hupukutika kama vumbi. Yataka kitu cha kuishikisha. Wengine hutumia uji mwepesi wa muhogo. Wafaa, ila mende na panya huupenda kama sisi tuupendavyo. Sisi tulichagua maziwa ya soya. Loweka kikombe kimoja cha soya usiku kucha, itwange kinuni, changanya na vikombe sita vya maji, kisha chuja kwa kitambaa. Nguo ikiwa imetandazwa na kukazwa juu ya mbao, ipakwe maziwa hayo, ikauke, ipakwe tena. Yatumike siku ileile, maana yakilala huchacha, na harufu yake haifai chumbani.

Udongo mwekundu tuliuchimba penye ukingo wa barabara, na wa manjano kandokando ya kijito. Kila udongo tuliutwanga, tukauchekecha, tukautia katika ndoo ya maji na kukoroga. Mchanga hushuka kwanza. Maji yenye tope laini humiminwa katika chombo kingine na kuachwa yatulie mpaka kesho. Kile kibakicho chini ndicho rangi. Nyeusi ni masizi yaliyokwanguliwa chini ya sufuria, nayo haina gharama katika nyumba yoyote ya Kivu. Nyeupe haikuhitajiwa, kwa kuwa nguo yenyewe ni nyeupe. Yatosha kuacha mahali bila kupaka.

Rangi yenye taabu ni kijani. Wanafunzi wetu walileta majani ya kila namna, wakayaponda, na siku ya kwanza rangi ikapendeza sana. Baada ya siku chache maji ya majani hugeuka kahawia kama chai. Kumbe dawa yake ni nyepesi: udongo wa manjano ukichanganywa na masizi kidogo hutoa kijani kilichofifia, kama jani la mgomba lililopigwa na jua. Si kijani cha kung'aa, lakini hakiondoki. Rangi zote huchanganywa na maziwa yale ya soya, ziwe nyepesi kama maziwa yenyewe. Apakaye nzito ataiona ikipasuka na kudondoka.

Kabla ya kuchora lolote tulitaka kujua apendacho mwenye chumba. Watoto walisema maua. Sisi tulifikiri msitu wa Walikale, miti mirefu, nyani na ndege. Tukamtuma binti akaulize, naye akarudi na jibu hili, ambalo twaliandika kama lilivyosemwa:

“Mwambie baba yako asinichoree msitu. Msitu nimeulala siku kumi na tisa, mvua ikininyeshea. Anichoree migomba ya nyuma ya jiko langu, na kuku, na mto pale tulipokuwa tukiteka maji. Na mtumbwi uwepo, umefungwa kamba, maana mwenyewe amekwisha fika nyumbani.”

Mama wa watoto wetu aliposikia hayo aliingia jikoni, akakaa huko kwa muda.

Tulichora kwa siku nne, jioni baada ya masomo, nguo ikiwa imekazwa uani. Migomba ilikuwa kazi ya watoto wakubwa. Kwa burashi tulitafuna ncha za vijiti vibichi mpaka zikawa nyuzinyuzi. Mto tuliuacha mweupe, tukaupitishia tu maji ya masizi mepesi sana ili ukingo uonekane. Siku ya tatu mama mkwe alitoka, akaketi kwenye kigoda mbali kidogo, kama ilivyo heshima, akatazama bila kusema neno. Mara akaomba apewe kijiti na kopo la nyeusi. Akaanza kuchora ukingo wa chini, mistari iliyokatana kama mkeka unavyosukwa, mmoja mmoja, bila kupima, mkono ukitetemeka. Sisi katika seminari ndogo tulifundishwa kuwa mstari bila rula si mstari. Mwalimu wetu wa hesabu angalikasirika. Binti alitaka kuunyosha pale ulipopinda. Tulimkataza.

Neno moja juu ya kutundika, kwa watakaopenda kujaribu. Msipigilie nguo pembe zote nne juu ya mbao. Shoneni upindo juu, mpitishe mwanzi ndani yake, mwanzi utundikwe kwa kamba mbili, na nafasi ya kidole iachwe kati ya nguo na ukuta, la sivyo unyevu wa Masisi utaiozesha kwa nyuma kabla ya Pasaka. Siku ya jua itolewe nje, ikung'utwe. Isifuliwe kabla ya mwezi mmoja kupita, ili soya ishike vema. Tena mshumaa na taa ya mafuta viwe mbali nayo. Nguo kavu na mbao kavu hazingoji.

Gharama yote ilikuwa amerikani, uzi na kikombe cha soya. Blanketi moja la dukani lingalitutoa zaidi.

Nguo ilitundikwa na mama wa watoto wetu pamoja na binti. Sisi hatujaiona ikiwa mahali pake, na kwa adabu tuliyoitaja hatutaiona. Twapata habari tu. Twaambiwa kuwa upepo ukivuma nguo huvimba kidogo na kurudi, na mtumbwi hucheza majini ingawa umefungwa. Twaambiwa mama mkwe halali tena amejifunika kichwa. Juzi alimtuma mjukuu wake kwetu na lawama ndogo: kuku wake wa Walikale walikuwa wanne, na sisi tumechora watatu, yule mwenye shingo tupu hayupo. Jumamosi nguo italetwa uani. Masizi yangaliko, na soya tumekwisha loweka.