Kwa Nini Kipaimara Changu Kilingoja Mwaka Mmoja

 

Mhariri ameniomba nieleze jinsi kijana aliyekulia huku ugenini anavyokua katika imani. Nadhani ameniomba mimi kwa sababu habari zangu zimekwisha kupita katika kila nyumba. Hakuna mzazi katika jumuiya yetu, kuanzia Silver Spring hadi Hyattsville, ambaye hakusikia kwamba binti wa mwenyekiti alikataa kipaimara akiwa na umri wa miaka 15. Neno "alikataa" silo. Niliomba ningojewe. Naishukuru nafasi hii niliyopewa ya kueleza tofauti iliyopo kati ya mambo hayo mawili, kwani nawafahamu vijana wengine wanaoyawaza niliyoyawaza, nao hawana wa kumwambia.

IMANI YA NYUMBANI

Nililetwa Marekani nikiwa na umri wa miaka minne. Sala nilizifahamu kabla sijaweza kuandika jina langu. Kwetu rozari husaliwa jioni, baba akiwa amerudi na taksi yake na mama akiwa bado hajatoka kwenda kazini kwake usiku, ambako huwahudumia wazee. Shuleni nilifikiri kwa Kiingereza, bali Mungu nilimjua kwa Kiswahili. Nilipokuwa mdogo niliamini kabisa kwamba hasikii lugha nyingine.

Aliyeipanda imani hiyo ni bibi yangu mzaa mama, aliyeishi Kilema, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, walioanza kazi yao Bagamoyo mwaka 1868 miongoni mwa watoto waliokombolewa utumwani, walifika Kilema katika miaka ya 1890. Hivyo bibi alizaliwa katika ukoo ambao tayari ulikuwa umezoea kuamshwa na kengele ya kanisa. Kila Jumapili alitupigia simu, na swali lake la kwanza halikuwa la afya wala la shule. Aliuliza: "Padre alihubiri nini?" Ilinibidi nisikilize mahubiri, maana nilijua nitahojiwa.

Bibi akaugua. Jumuiya nzima ilisali novena kwa ajili yake, sebuleni kwetu, siku tisa mfululizo, na wengine wenu mlikuja moja kwa moja kutoka kazini mkiwa mmevaa sare zenu. Wiki tatu baadaye akafariki dunia.

Mama hakwenda kumzika mama yake. Makaratasi yake yalikuwa bado yanashughulikiwa. Angetoka nje ya nchi, asingeruhusiwa kurudi kwetu. Wengi wenu mnalijua jambo hili bila kuelezwa. Tuliyatazama mazishi katika simu ya baba, saa kumi na moja alfajiri, theluji ikiwa imelala dirishani. Picha ilikatika mara kwa mara. Bibi aliposhushwa kaburini, kando ya migomba, tuliona rangi za khanga tu na tukasikia sauti za akina mama wakiimba; kisha simu ikanyamaza.

SWALI NILILOBAKI NALO

Baada ya siku hizo niliendelea kwenda Misa, lakini maneno ya sala yalikuwa kama nguo ya mtu mwingine mwilini mwangu. Nilijiuliza: Ikiwa Mungu husikia, siku zile tisa alikuwa akisikia nini? Nilimwuliza mzee mmoja ninayemheshimu sana, naye akanijibu kwamba hayo ni mapenzi ya Mungu, na kwamba mtoto mwenye adabu haulizi. Nikanyamaza. Swali halikunyamaza.

Wakati huo huo mafundisho ya kipaimara yalikuwa yakielekea mwisho. Katekista wetu alitufafanulia jambo ambalo sikuwa nimelitia maanani. Tulipobatizwa tukiwa watoto wachanga, wazazi na wasimamizi walijibu kwa niaba yetu. Katika kipaimara askofu huuliza upya ahadi zile zile za ubatizo, na safari hii hujibu mwenyewe yule anayeulizwa. Hapo ndipo nilipojua kwamba sitaweza. Sikutaka kumwambia askofu "nasadiki" huku moyo wangu ukisema "sijui".

Nilimweleza baba tukiwa garini. Hakunipigia kelele. Aliendesha kutoka Wheaton hadi nyumbani bila kusema neno, na ukimya ule ulikuwa mzito kuliko kelele. Baba ndiye mwenyekiti wa jumuiya. Gauni langu jeupe lilikuwa limekwisha kushonwa, na wageni walikuwa wamealikwa kutoka Virginia na Baltimore. Tulipofika alisema jambo moja tu: "Kesho tutakwenda wote kwa padre."

Padre alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza: "Unangoja kitu gani?" Nikamjibu kwamba nangoja niweze kujibu mwenyewe. Akafikiri, akamgeukia baba, akasema kwamba ni afadhali "ndiyo" ya mwakani kuliko "ndiyo" ya kuazima. Lakini alinipa masharti mawili: nisiache Misa ya Jumapili, na kila Jumamosi nifuatane na wahudumu wanaowapelekea komunyo wazee wasioweza kutoka katika makao yao. "Kungoja nako kuna kazi yake," alisema.

YALIYONIFUNDISHA

La kwanza nilifundishwa na mama. Asubuhi moja alirudi kutoka kazini akiwa amechoka, akaketi jikoni kuvua viatu. Nikamwuliza ana uchungu na Mungu au hana. Akasema: "Ninao. Na huwa namwambia." Kisha akanisimulia habari ambayo sikuwa nimeisikia, kwamba bibi alizika watoto wake watatu, na kila mara Jumapili iliyofuata alionekana kanisani mahali pake pale pale. Watu walipomwuliza anapata wapi nguvu, alijibu kwamba hana nguvu yoyote, ndiyo maana anakuja. "Mwanangu," mama alisema, "imani si hirizi. Sikusali ili nilipwe. Nilisali kwa kuwa sikuwa na mahali pengine pa kuutua mzigo." Sikujua kwamba mtu aweza kumkasirikia Mungu na bado akaendelea kuzungumza naye.

La pili nilifundishwa na mzee mmoja Mmarekani Mweusi, mzaliwa wa jiji hili la Washington, niliyemtembelea kila Jumamosi. Yeye alitaka kwanza asomewe matokeo ya timu ya besiboli ya Nationals, na baada ya hapo ndipo akubali kusomewa Injili. Siku moja alinisimulia jinsi alivyokuwa mtoto, wakati kanisa alilosali lilipowatenga watu Weusi katika viti vya nyuma na kuwapa komunyo baada ya Weupe wote kumaliza. Nikamwuliza kwa nini familia yake haikuondoka. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu, akasema: "Kanisa halikuwa lao." Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1858 Wakatoliki Weusi wa jiji hili, waliokuwa wamepata uhuru wao kabla hata utumwa haujafutwa hapa, walianzisha parokia ya Mtakatifu Augustino, na ipo hadi leo. Watu wale walikuwa na sababu nyingi kuliko zangu za kuiacha imani, nao wakajenga.

La tatu nililiona kwa macho. Nilipanda treni ya njia Nyekundu hadi kituo cha Brookland, nikatembea hadi Basilika ya Taifa ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, kanisa Katoliki lililo kubwa kuliko yote Amerika ya Kaskazini. Humo mna kikanisa cha Mama Yetu wa Afrika, kilichotabarukiwa mwaka 1997. Sakafuni umechorwa mfano wa meli ya watumwa, na ukutani kuna sanamu za shaba zionyeshazo safari ya watu Weusi kutoka minyororoni hadi kwenye uhuru. Mbele yupo Kristo msalabani, amechongwa kwa mpingo na mikono ya Mtanzania, Juvenal Kaliki. Nilikaa pale muda mrefu. Mti wa kwetu ulikuwa umevuka bahari kama mimi, na Yesu aliyekuwa mbele yangu alikuwa na rangi ya bibi. Sikupata jibu la swali langu. Ila kwa mara ya kwanza tangu msiba nilisali bila kulazimishwa na mtu, nikasali kwa Kiswahili.

JINA NILILOLICHAGUA

Pentekoste ya mwaka huu niliitika mbele ya askofu, na sauti yangu haikutetemeka. Jina nililolichagua ni Bakhita. Mtakatifu Josephine Bakhita alitekwa nyara huko Sudan akiwa mtoto mdogo, akauzwa mara kadhaa, na kwa hofu akalisahau hata jina alilopewa na wazazi wake. Bakhita, yaani mwenye bahati, ni jina aliloitwa na waliomteka. Alifikishwa Italia, mabwana zake walipotaka kumrudisha Afrika alikataa kuondoka, na mwaka 1889 mahakama huko Venice ikatamka kwamba ni mtu huru. Tarehe 9 Januari 1890 alibatizwa na kupewa kipaimara siku hiyo hiyo, kwa hiari yake mwenyewe, katika lugha isiyokuwa ya mama yake. Hakuwaona tena wazazi wake hadi alipofariki mwaka 1947. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu mwaka 2000. Nilimchagua kwa kuwa anajua ni nini kuwa mbali na kaburi la mtu wako.

Wazazi wetu wapendwa, naomba niseme nanyi kwa heshima. Mnaogopa kwamba nchi hii itatunyang'anya imani mliyotuletea, nasi tunaiona hofu hiyo. Lakini maswali yetu si dalili ya kupotea. Mtakatifu Kizito alikuwa na umri wa miaka ipatayo 14 alipochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, pamoja na Karoli Lwanga na wenzao, Wakatoliki na Waanglikana. Wakati ule hapakuwa na mzazi wa kumjibia. Ikiwa Kanisa linamheshimu kijana wa umri ule kwa jibu alilotoa mwenyewe, basi nasi tuaminiwe kwamba twaweza kulitafuta jibu letu. Baba yangu alivumilia maneno ya watu mwaka mzima bila kunilaumu hata siku moja, na uvumilivu ule ulinihubiria kuliko mahubiri mengi.

Nanyi vijana wenzangu, msiondoke kimya kimya. Semeni. Shuleni nina rafiki Mwethiopia wa Kanisa la Kiorthodoksi ambaye hufunga siku 55 kabla ya Pasaka, haonji nyama wala maziwa, huku sisi wengine tukila pitsa mbele yake. Nilipomwuliza kama hajawahi kuwa na shaka, alicheka akasema kwamba shaka huja kila mwaka, nayo hufunga pamoja naye.

Sisemi kwamba nimefika. Makaratasi ya mama hayajatoka hadi leo, na bado sijui kwa nini siku zile tisa hazikumponya bibi. Nalisali swali hilo kama nisalivyo mengine.

Nina ombi moja kwa jumuiya: katika mikutano yetu ya kila mwezi, kabla ya chakula, vijana tupewe nusu saa ya kuuliza lolote, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na asiwepo atakayeambiwa kwamba amekosa adabu. Baba amekwisha kukubali. Nitaanza mimi.

Mungu awabariki nyote.

Ni mimi binti yenu,
Silver Spring, Maryland