Ziwa Tanganyika: Maji kibao, hewa kiduchu!

Wiki hii safu yako iko Kigoma, na usidhani nimekuja kula migebuka tu. Nimepanda boti ya utafiti!

Kusema kweli, sekondari baiolojia ilinitoa jasho. Hadubini tuliichora daftarini, kuigusa hatukuigusa. Sasa mtaalamu mmoja ananiambia, "Kijana, shika kamba."

Kazi ya kwanza ilikuwa kuteremsha majini kisahani cha rangi nyeusi na nyeupe mpaka kipotee machoni, halafu unahesabu mita za kamba. Maji yakiwa maangavu kinaenda mbali. Vijimea vikijaa kinapotea upesi. Basi, hiyo ndiyo sayansi!

Ikafuata zamu ya wavu laini sana. Tone moja chini ya hadubini, nikaona vidudu vyenye masharubu vinarukaruka. Chakula cha dagaa hicho. Dagaa huliwa na mgebuka, na mgebuka anayemla mnamjua.

Kasheshe ilikuwa chupa. Ni kama bomba lililo wazi huku na huku. Unaishusha kwa waya hadi mita 250, kisha unaachia kichuma kiteleze kwenye waya kikafunge milango. Tulipoipandisha nikanusa. Kha! Yai viza!

"Huko chini hakuna oksijeni," akasema mtaalamu, anacheka.

Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi. Lakini samaki wanaishi kwenye tabaka la juu tu, kiasi cha mita 100 hadi 200. Ghorofa refu, wapangaji wote wamebanana juu!

Tena mbolea ya kukuzia vile vijimea imelala chini, na upepo wa kusini wakati wa kiangazi ndio unaosaidia kuipandisha. Ziwa likizidi joto, maji ya juu yanakuwa mepesi, hayachanganyiki vizuri na ya chini, na dagaa anakosa msosi. Wanasayansi walishaonya tangu 2003.

Mwaka 2024 Tanzania ilipofunga uvuvi humu kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaane, mimi nilikuwa wa kwanza kulalamika dagaa wa Kigoma wameadimika. Tangu ninuse ile chupa, nimenyamaza.

Tuonane wiki ijayo, nchi kavu!