Msiba Kando ya Mto Mississippi

Washarika wakisikia kwamba niliwahi kuishi Marekani, huniuliza habari za New York. New York sikufika. Nilipelekwa kusoma katika mji mdogo uitwao Dubuque, jimbo la Iowa, wenye watu wapatao 60,000, kando ya mto Mississippi. Ukisimama pale juu ya mwamba unaona majimbo mengine mawili ng'ambo ya maji, Illinois na Wisconsin.

Seminari ya Wartburg ina jengo la mawe lenye mnara kama ngome. Ilianza mwaka 1854 kwa kazi ya watumishi waliotumwa na Mchungaji Wilhelm Löhe wa Ujerumani kuwahudumia Wajerumani waliohamia Marekani. Injili ya Kilutheri ilitufikia na sisi kwa mikono ya Wajerumani, kwa njia nyingine, ndiyo maana katika ibada ya kwanza nilikuta najua tuni kabla ya kujua maneno. Nilizijua kutoka Tumwabudu Mungu Wetu.

Sikuwa na gari. Kule mtu asiye na gari ni kama mvuvi asiye na mtumbwi, basi nikautembea mji wote kwa miguu. Sehemu moja iko bondeni na nyingine juu ya mwamba, na kati yake kuna kigari kinachopanda mteremko mkali kwa kuvutwa na kamba. Kilijengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1882 na tajiri mmoja wa benki. Ofisi yake ilikuwa chini na nyumba yake juu, naye alichoka kuzunguka na farasi kila mchana wakati alichotaka ni kula na kusinzia kidogo. Nilimpenda mtu huyo. Nashangaa Mwanza, pamoja na vilima vyake vyote vya mawe, haijapata mvivu mwenye fedha kama yeye.

Baridi ilipokuja matembezi yalipungua. Mwisho wa Januari 2019 baridi ilishuka kupita nyuzi 30 chini ya sifuri, hata wapeleka barua wakaambiwa wabaki ndani.

Februari mama yangu akafariki.

Kisesa inatangulia Dubuque kwa saa tisa. Walimzika saa tisa alasiri. Kwangu ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, giza bado. Safari ni ya siku mbili, na tiketi isingelipika hata kama ng'ombe wa nyumbani wangeuzwa wote. Binamu yangu aliinua simu juu ya kaburi, nikasikia kwaya, kisha nikasikia udongo ukiangukia sanduku. Baadaye jua likatoka, na wenzangu wakaenda darasani.

Nisieleweke vibaya: walinipenda. Nilikuta kadi kwenye kisanduku changu cha barua, na mlangoni bakuli la chakula lililofunikwa vizuri, bado la moto. Lakini aliyelileta alikuwa ameshaondoka. Kwao, kumheshimu mfiwa ni kumwachia nafasi. Kwetu mfiwa haachiwi nafasi hata kidogo. Watu hulala msibani, wanaume huota moto nje, wanawake hujaa ndani mpaka mkeka hauonekani. Mimi ndiye niliyezoea kuingia kwenye nyumba kama hizo na Biblia mkononi. Sasa nilikuwa na msiba na sikuwa na matanga.

Siku ya tatu nilitelemka hadi mtoni, karibu na lambo linaloitwa namba 11. Chini ya lambo maji hayagandi, na tai wenye vichwa vyeupe hukusanyika hapo kuvua. Ukiwatazama kwa mbali utadhani ni wale tai wetu wa ziwani. Juu ya lambo kila kitu ni barafu. Wazee walikuwa wametoboa matundu kwa keekee kubwa, wameketi juu ya ndoo, kila mmoja na ndoano yake. Mzee mmoja aliniona nimesimama. Akapindua ndoo ya pili, akaigonga kwa kiganja: kaa.

Aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia natoka kwenye ziwa ambalo sangara mmoja anaweza kupita kilo mia moja. Akanitazama vile mvuvi anavyomtazama mvuvi mwenzake mwongo. Kisha nikamwambia kwamba mama yangu amezikwa juzi, na mimi niko hapa. Mzee akavua kofia, katika baridi ile, akaishika kidogo, akaivaa tena. Hakusema neno. Tuliketi hivyo mpaka jua likazama. Samaki hawakuuma.

Rafiki zake Ayubu waliketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Seminarini tulizisoma sana hotuba walizotoa baadaye, zile zilizomkasirisha Mungu. Zile siku saba tulizipita kwa mstari mmoja.

Kisesa ya leo si ile niliyozaliwa. Barabara ya Musoma imeleta wapangaji wengi: walimu, wauguzi, mafundi, watu wenye makaburi ya wazazi wao mbali. Mwaka jana mwalimu mmoja, mtu wa Songea, alipigiwa simu kwamba baba yake amefariki na maziko ni kesho. Asingewahi. Baraza la wazee likakubaliana kupeleka rambirambi katika bahasha. Nilipopendekeza tukalale pale, mzee mmoja akauliza, "Mchungaji, msiba uko Songea. Hapa tutakesha na nini?"

Mama mmoja wa umoja wa wanawake, ambaye kwa kawaida haongei kikaoni, akamjibu: "Mwenye msiba yuko hapa, baba."

Tulikwenda na mikeka. Mwenye nyumba, Mwislamu, alitoa mabenchi na kuni, akawasha moto mwenyewe uani. Usiku wa kwanza mwalimu hakuzungumza. Usiku wa pili alianza kutusimulia jinsi baba yake alivyokuwa akimtania kwa kushindwa kupalilia, akacheka, akalia, akaendelea, na mwenye nyumba akaongeza kuni.