Mto Una Kipimo Chake

Aisifuye mvua imemnyea. Sisi wakazi wa bonde la Mathare, mvua ikianza kupiga mabati usiku, hatuiiti baraka mpaka tusikilize kwanza mto unangurumaje. Wageni huuvuka mto huu wakiziba pua, wakidhani ni mtaro wa maji machafu tu. Wakati wa kiangazi hata mtoto huuruka. Lakini Aprili 2024, nikiwa Kidato cha Kwanza, maji yalipanda usiku yakabeba nyumba, vitanda na watu. Kufunguliwa kwa shule kuliahirishwa nchini kote, tukarudi Mei 13. Mwezi huo huo ikatoka amri kwamba walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, na nyumba nyingi zikabomolewa.

Mita 30 hizo zilinikosesha raha. Zinaanzia wapi? Kanuni za maji za mwaka wa 2007 zilitaka ardhi ya kando ya mto iwe sawa na upana wa mto wenyewe, isipungue mita 6 wala kuzidi mita 30, kuanzia ukingoni. Sasa kwetu ukingo hauna makao. Watu humwaga vifusi na takataka, wakavishindilia, na baada ya mwaka mmoja ukingo umesogea na mtu amejenga juu yake. Mto umebaki na koo jembamba huku maji ya kumeza yakizidi kila mwaka, kwa sababu huko juu yanakotoka, palipokuwa na nyasi sasa pana lami na mapaa. Udongo hunywa maji, lami huyatema.

Hayo yote yangekuwa maneno ya somo la Jiografia tu kama baba yangu mdogo hangenunua mabati. Alikuwa na nafasi karibu na mto, akapanga kujenga vyumba vinne vya kupangisha.

"Anko, pale maji yalifika," nikamwambia.

"Kijana, mafuriko kama yale huja mara moja kwa miaka 100. Mimi na wewe tutakuwa tumekufa."

Jioni hiyo nilichukua kalamu. Hata tukikubali hesabu yake, maana yake ni kwamba kila mwaka kuna nafasi 1 katika 100. Mto hauna kalenda ya kukumbuka kwamba ulikuja juzi. Ukikaa pale miaka 30, nafasi ya kuyaona angalau mara moja ni kama 26 kwa 100, yaani karibu robo. Nani atapanda matatu ambayo safari moja kati ya nne huanguka?

Jumamosi nilimwita mwanafunzi mwenzangu, tukaazima kamba ya kupimia na ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ambao mafundi wa mjengo hutumia kupima levo. Ukiujaza maji, kimo chake katika ncha zote mbili huwa sawa hata mkiwa mmeachana mbali. Tulianza kwenye ukuta wa choo kimoja cha mawe, ambapo mstari wa matope ya 2024 ungali unaonekana, tukauhamisha mstari huo nyumba hadi nyumba. Watoto walitufuata kama harusi. Shosho mmoja akatoka kutuuliza, "Na nyinyi mmetumwa kubomoa?" Tulipomweleza alicheka, akatuonyesha jiwe ambalo anasema maji ya El Nino ya 1997 yalilifikia. Liko chini kidogo ya mstari wetu.

Tulichokiona ni hiki. Upande wetu, ambako zamani mawe yalichimbwa, ardhi hupanda ghafla kama ukuta. Hatua 10 tu kutoka mtoni uko juu ya mstari. Ng'ambo, kwenye kona, ni tambarare. Tulitembea hatua 50 na bado mstari ulikuwa kifuani mwangu. Basi mita 30 zinamfukuza mtu asiye hatarini na kumwacha aliye hatarini akilala. Tena kwenye kona maji hupiga kwa kasi, na kasi ikizidi mara mbili, nguvu ya kusukuma huzidi mara nne.

Kwa maoni yangu tusiulize tu ni mita ngapi, tuulize pia nani analala pale. Nduma zikizama utapanda tena. Uwanja wa mpira ukijaa matope utachezwa wiki ijayo. Mchana mtu huyaona maji yakija akakimbia. Usiku huyasikia yakiwa kitandani.

Baba mdogo alisikiliza yote akiwa ameshika kikombe cha chai. Kisha akauliza, "Na mwenye elfu mbili tu za kodi, utamlaza wapi?" Sikuwa na jibu, na sijalipata hadi leo.

Alijenga vyumba viwili tu, juu ya mstari, na nafasi ya chini akapanda nduma. Kwa kuwa vyumba ni viwili, kodi ilipanda. Familia moja iliyokuwa imeahidiwa chumba ilihamia ng'ambo, kwenye ile kona, kwa bei nafuu. Hupita hapo kila asubuhi nikija shule, na mtoto wao mdogo hunipungia mkono akiwa mlangoni. Mlango huo tuliupima. Mstari uko juu ya bawaba ya pili.