Shabaha ya Mlimani

Katika milima ya Alaska, nchini Marekani, huishi kondoo mwitu weupe waitwao Dall. Mwindaji awatafutaye hupanda tangu alfajiri. Awafikiapo, moyo humdunda na miguu humtetemeka. Hapo ndipo mazoezi yake hupimwa.

Kila askari aijua mikao minne: kulala kifudifudi, kuketi, kupiga goti na kusimama. Kulala ndiko kunakoituliza bunduki kuliko yote, lakini mteremko wenye mawe mara nyingi haumruhusu mtu kulala. Basi mwenye busara hujizoeza kuketi, viwiko vikiegemea nyama ya mapaja karibu na magoti, au kuilaza bunduki juu ya shanta. Hujizoeza pia hali anatweta: hukimbia kilimani, huketi, hushusha pumzi, ndipo hufyatua.

Mlima nao una hesabu yake. Kondoo aliye umbali wa mita 300 katika mwinamo wa nyuzi 30, awe juu au chini, hulengwa kana kwamba yu mita 260, maana mvutano wa dunia huishusha risasi kwa kadiri ya umbali wa mlalo tu. Asiyelijua hilo hupitisha risasi juu ya mgongo wa mnyama.

Kondoo aliyejeruhiwa huweza kwenda kufia kwenye mwamba usiofikika, akateseka bure na nyama ikapotea. Kwa hiyo, ambaye mkao wake haujatulia na aishushe bunduki, hata kama amepanda siku nzima. Kujizuia nako hufunzwa kwa mazoezi.