Viroba Viliondoka, Msiba Ukabaki

Wadau, jina simtaji, ila ni bro wangu wa damu, hapa hapa Usa River. Mama alipofariki, jamaa akaanza viroba. Machi 1, 2017 serikali ikavipiga marufuku, nyumbani tukashangilia. Wiki haikuisha, akahamia kwenye gongo. Hapo ndo nikajua viroba havikuwa ugonjwa wenyewe.

Kilichomsaidia alikigundua mwenyewe: kiu ilikuwa inambana saa kumi na mbili jioni, muda ambao mama alikuwa anashuka kwenye daladala akitoka sokoni Tengeru. Sasa muda huo anakuja kwangu. Tunapika, tunamuongelea mama, tunalia, tunacheka. Mwaka wa tatu huu hajagusa.

Hata mimi niliyejikaza tangu msibani, nimejua kulia.

Wewe unayekunywa, kiu yako inakuja saa ngapi? Anzia hapo.