Gego Langu Limekufa Lakini Linatafuna

Maumivu ya jino yakiisha baada ya kutibiwa mzizi, wasee wengi hawarudi kwa daktari. Wanakaa na dawa ya muda mdomoni, wanatafuna njugu kama kawaida, halafu siku moja gego linapasuka hadi chini ya ufizi. Hapo kimebaki kung'oa tu.

Mimi gego langu la chini lilitibiwa mwaka jana. Daktari akanipa njia mbili. Moja, kuziba na kompositi, ile resini nyeupe inayogandishwa na taa ya bluu. Mbili, kuvisha jino kofia, na bei ya kofia ilikuwa kodi yangu ya miezi miwili. Mimi niliacha kampasi, mshahara sina, nakula video ikilipa.

Nikamuuliza: kuta ngapi zimebaki?

Uliza hilo kabla ya kuuliza bei. Watu hupenda kusema jino la aina hii huvunjika kwa sababu limekauka. Zii, shida kubwa ni kuchimbwa. Mwaka 1989 Reeh na wenzake walipima magego madogo yaliyong'olewa. Tundu la kufikia mizizi peke yake lilipunguza uwezo wa jino kukataa kupinda kwa asilimia 5 hivi. Shimo lililokata kingo zote mbili, ya mbele na ya nyuma, lilipunguza asilimia 63. Ni kama sanduku la mbao: toboa kifuniko, bado liko sawa. Toa ubao wa mbele na wa nyuma, halafu ukanyage katikati, uone zile mbili za kando zinavyofunguka.

Kompositi inasaidia kwa sababu inagandamana na jino na kushika kuta pamoja, haikai tu shimoni kama kokoto. Lakini ikiganda husinyaa kidogo. Ndiyo maana ile ya kawaida huwekwa tabaka la milimita 2 hivi, inamulikwa, linaongezwa lingine. Ikiwekwa kwa haraka inaweza kuachia pembeni, na bakteria hawahitaji mlango mkubwa. Kwa hivyo ukiona daktari anachukua muda, wacha kuangalia saa.

Langu lilikuwa limepoteza ukingo mmoja, wa nyuma. Akapunguza vile vilele vya gego, akafunika juu kote na kompositi, ili nikiuma nguvu isukume chini badala ya kutanua kuta. Si imara kama kofia nzuri, na itaisha haraka zaidi. Nilijua hivyo nikilipa.

Na nyinyi wa "ng'oa tu, uko na mengine": pengo nalo lina bei, na majirani zake huanza kuinama.

Mutura natafuna upande wowote. Mahindi choma, kushoto pekee, hadi doh ya kofia ipatikane.